Mayonezi ya Nyumbani: Mashine Hukoroga, Lakini Haipiki Yai



Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kilichoingia mezani mwetu tangu zamani, wala hakitaki kutoka: mayonezi. Katika miji ya Kongo, toka Lubumbashi hata Kinshasa, viazi vya kukaanga, nyama ya kuchoma, na hata mkate wenye yai, mara nyingi huletwa pamoja nayo. Wakaaji wa Lubumbashi hula michopo yao, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwa vitunguu na pilipili, na wengi wao huona sahani haijakamilika mpaka mayonezi imewekwa pembeni. Tena katika arusi na sikukuu, bakuli la saladi ya viazi na karoti iliyochanganywa na mayonezi lina heshima yake karibu na wali na kuku.

Zamani, mwenye kuitaka alikwenda dukani kununua chupa, au alikaa jikoni na bakuli na uma, akatia mafuta tone kwa tone huku akipiga, mpaka mkono ukachoka. Siku hizi iko mashine ndogo ya umeme ya kushika mkononi, yenye shina refu na kisu kidogo chini yake. Wengi huiita mikseri. Binti zetu wameona katika simu zao jinsi mashine hiyo inavyogeuza yai na mafuta kuwa mayonezi nzito kabla maji ya chai hayajachemka. Basi wao na mama zao huuliza maswali mawili. La kwanza: Je, ni kweli? La pili: Je, ni vema?

Kwa swali la kwanza twajibu: Ndiyo, ni kweli, tena si vigumu. Kwa swali la pili twajibu: Ni vema, lakini kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo lililotufanya tuandike maneno haya. Twaombeni msome mpaka mwisho kabla ya kuvunja yai.

ASILI YAKE

Watu husimulia kwamba mwaka 1756 majeshi ya Ufaransa, yakiongozwa na Duc de Richelieu, yalipowanyang'anya Waingereza kisiwa cha Menorca, mpishi wa jemadari huyo alitengeneza mchuzi huo, nao ukapewa jina la mji wa Mahón. Ni hadithi nzuri, lakini wajuzi wa mambo ya mapishi hawakubaliani juu yake. Lililo hakika ni kwamba Wafaransa waliieneza mayonezi, Wabelgiji wakaipenda mno pamoja na viazi vyao vya kukaanga, na kwa mkono wa Wabelgiji ikafika kwetu.

Wabelgiji hawakuichukua kuwa jambo la mchezo. Mwaka 1955 serikali yao iliweka amri kwamba kitu kisiuzwe kwa jina la mayonezi kisipokuwa na mafuta asilimia 80 na kiini cha yai asilimia 7.5 kwa uchache. Hesabu hiyo yatufaa hata sisi. Anayenunua kilo moja ya mayonezi ya namna hiyo, amenunua gramu 800 za mafuta. Basi mama anayetaka kujua kama atapata faida kwa kuitengeneza nyumbani, aangalie kwanza bei ya mafuta katika soko lake, halafu aongeze yai, limau na chumvi, kisha alinganishe na bei ya chupa ya dukani. Asome pia maandishi ya chupa hiyo, maana nyingine zina mafuta machache, na mahali pa mafuta pamejazwa maji na wanga. Hesabu ya namna hii haihitaji shule kubwa. Yahitaji kalamu na ukweli.

MAYONEZI NI KITU GANI?

Mafuta na maji ni kama majirani waliogombana. Ukiwatia katika chumba kimoja, kila mmoja hutafuta pembe yake. Tikiseni maji na mafuta katika chupa: kwa dakika moja huonekana kuwa wamepatana, lakini chupa ikitulia, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini.

Kiini cha yai ndicho mpatanishi wao. Ndani yake mna kitu kiitwacho lesithini, chenye tabia ya kushika maji kwa upande mmoja na mafuta kwa upande mwingine. Mafuta yakikatwakatwa kuwa matone madogo sana, madogo hata jicho lisiyaone, kila tone huvikwa nguo hiyo nyembamba, wala haliwezi tena kuungana na tone lingine. Matone hayo yakiwa mengi, na maji kati yao yakiwa machache, husongamana kama watu katika lori la kwenda sokoni, hata yasiweze kupita. Ndiyo sababu mayonezi ni nzito, ingawa imetengenezwa kwa vitu vinavyomiminika.

Basi mwaona kwa nini wapishi wa zamani walitia mafuta kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Ukimwaga mafuta mengi mara moja na kupiga kwa uma, mpatanishi hushindwa na wingi wa kazi, na mchuzi hukatika.

KAZI YA MASHINE

Mswisi mmoja, Roger Perrinjaquet, aliandikisha ubunifu wa mashine hii ya mkono mwaka 1950. Ikaitwa Bamix, jina lililofupishwa toka maneno ya Kifaransa yenye maana ya kupiga na kuchanganya. Leo viwanda vingi huitengeneza, kwa bei ya juu na ya chini.

Siri yake si nguvu tu, bali ni mahali kisu kilipo. Mnatia kiini cha yai chini ya chombo kirefu na chembamba, halafu mafuta yote juu yake. Mashine inashushwa mpaka chini, ikifunika kiini kama kengele. Kisu kinapozunguka kwa kasi, huvuta mafuta toka juu, lakini huyavuta kidogo kidogo, na kila yanayofika hukatwa hapo hapo na kuvikwa nguo yake. Hivi mashine hufanya kwa nukta chache kazi ile ile ya tone kwa tone ambayo mama zetu waliifanya kwa nusu saa.

Kwa hiyo mambo manne yatakiwa, na anayeyasahau asiilaumu mashine. Kwanza, chombo kiwe chembamba, kipana kidogo tu kuliko kichwa cha mashine. Katika bakuli pana kiini hutawanyika, na kisu hakikifikii. Pili, vitu vyote viwe na joto moja. Yai la baridi na mafuta ya vuguvugu hayapatani upesi. Tatu, mashine isiinuliwe mapema. Ishikeni chini bila kuitikisa mpaka mwone weupe mzito umepanda toka chini, ndipo muinue polepole. Nne, mafuta yasizidi kiasi.

Juu ya mafuta yenyewe: ya alizeti, ya soya na ya karanga yaliyosafishwa yafaa. Mawese mekundu tunayapenda sana katika sombe na maharagwe, lakini hapa hayafai, maana huganda kwa baridi ndogo na ladha yake hufunika vyote. Mafuta ya zeituni, ambayo wengine huyanunua kwa bei kubwa kwa kudhani ni bora kwa kila kazi, mara nyingi huwa machungu yanapopigwa kwa kisu cha kasi.

ADUI ASIYEONEKANA

Sasa twafika penye sharti letu. Mayonezi ya kawaida ya nyumbani hutengenezwa kwa yai bichi. Mashine hukoroga vizuri sana, lakini haipiki. Yai lililoingia bichi hutoka bichi, hata kama mchuzi ni mweupe na mzuri wa kutazama.

Katika mayai mengine mna kijidudu kiitwacho Salmonella, kilichopewa jina la daktari wa mifugo wa Marekani, Daniel Elmer Salmon. Kinaweza kukaa juu ya ganda, pamoja na kinyesi cha kuku. Lakini mjue pia kwamba namna moja yake huingia ndani ya yai kabla ganda halijafanyika, toka mwilini mwa kuku mwenyewe, ambaye huonekana mzima kabisa. Yai hilo halinuki, wala rangi yake haibadiliki. Ile desturi njema ya kutia yai ndani ya maji ili kuona kama linazama au linaelea, hutuambia tu kama yai ni jipya au la zamani. Haituambii kama lina kijidudu.

Mtu mzima mwenye nguvu, akila chakula chenye Salmonella, huweza kuharisha na kuumwa tumbo na kuwa na homa siku kadhaa, kisha akapona. Lakini kwa mtoto mdogo mambo ni mengine. Madaktari wa Afrika ya Kati wanajua vema kwamba kijidudu hiki huweza kutoka tumboni na kuingia katika damu, hasa kwa mtoto aliyedhoofishwa na malaria, au na upungufu wa damu, au na njaa. Hapo huua. Wazee sana, mama wenye mimba, na watu wenye virusi vya UKIMWI, nao pia wamo katika hatari kuliko wengine.

Mama mmoja atasema: "Lakini mapishi haya yametoka Ulaya, na Wazungu hula yai bichi kila siku." Twamjibu: Mama, tazama kwanza kuku wao. Uingereza nayo ilipata taabu. Mwezi wa Desemba 1988, Edwina Currie, naibu waziri katika wizara ya afya, alisema mbele ya watu kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi yake ina Salmonella. Wafugaji wakakasirika, na mwezi ule ule akalazimika kuacha kazi. Lakini hatari yenyewe haikuondoka pamoja naye. Tangu mwaka 1998 wafugaji walio chini ya alama ya simba huchanja kuku wao, na mayai yao hupigwa mhuri. Ni mwaka 2017 tu, baada ya kazi ya miaka karibu 20, ndipo wakuu wa usalama wa chakula wa Uingereza waliposema kwamba mayai yenye alama ile huweza kuliwa hata mabichi na watoto na mama wenye mimba.

Basi anayefuata mapishi ya Ulaya hafuati tu yai na mafuta. Nyuma ya yai lile pana chanjo, na mhuri, na watu wa kukagua. Nasi je? Mayai mengi ya masoko ya Lubumbashi yamesafiri toka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, yakakaa njiani, yakakaa tena juani juu ya meza ya muuzaji. Mengine hutoka kwa kuku wa jirani. Hatusemi kwamba ni mabaya. Mengi ni mema kabisa. Twasema tu kwamba hayana mhuri wa kutuhakikishia jambo hilo.

Mwingine atasema: "Sisi tumekula hivi miaka mingi, wala hatukufa." Ni kweli, maana si kila yai lina kijidudu, wenye bahati ni wengi. Lakini fikirini bakuli la arusi. Ukikaanga mayai 30, kila moja peke yake, moto huua vijidudu, na hata lile moja baya haliwadhuru wengine. Ukiyachanganya mabichi katika mayonezi moja, yai moja baya hugawiwa wageni wote. Kisha bakuli hukaa mezani toka saa nne za asubuhi mpaka hotuba ziishe, katika joto ambalo vijidudu hulipenda, wakiongezeka mara mbili kila nusu saa au upesi zaidi.

Wa tatu atasema: "Siki na limau huua vijidudu." Huwapunguza nguvu, ndiyo. Katika viwanda, siki hupimwa kwa vyombo, na viini vya mayai hupashwa moto kwanza ili kuua vijidudu. Jikoni kwetu tunakamua limau kwa macho tu. Tusiwaweke watoto wetu chini ya ulinzi wa limau moja.

Basi sharti letu ni hili: mayonezi ya nyumbani isiwe na yai bichi. Wala msihuzunike, maana ziko njia mbili njema, na mashine ya mkono hufanya kazi katika zote mbili.

NJIA YA KWANZA: VIINI VILIVYOPASHWA MOTO

Vitu vya kutayarisha: viini 2 vya mayai, vijiko 2 vikubwa vya maji, kijiko 1 kikubwa cha siki au maji ya limau, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko 1 kidogo cha haradali, kama ipo, mafuta mililita 200, yaani gilasi moja ya kawaida.

Oshweni mikono kwa sabuni. Vunjeni mayai, mtenge viini na ute. Ute msiutupe, utaingia katika mayai ya kukaanga ya asubuhi. Tieni viini, maji na siki katika bakuli la chuma, mkoroge. Wekeni bakuli hilo juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, lakini chini ya bakuli pasiguse maji. Korogeni bila kuacha, mkikwangua chini na pembeni.

Baada ya dakika chache mchanganyiko utaanza kuwa mzito kama uji mwepesi, na kushikamana na kijiko. Mwenye kipimo cha joto aangalie kifike digrii 71; hapo Salmonella hufa. Asiye nacho asiondoe bakuli mpaka uzito ule uonekane vema kila mahali na mvuke utoke katika mchanganyiko wenyewe. Msiende mbali zaidi, maana viini vitaganda vipande vipande. Ondoeni upesi, mweke bakuli katika maji ya baridi, mkoroge mpaka lipoe kabisa.

Sasa mimineni katika chombo kirefu, mtie chumvi na haradali, kisha mafuta yote juu. Ngojeni kidogo mpaka mafuta yatulie. Shusheni mashine mpaka chini, ndipo muiwashe. Hesabuni mpaka 15 bila kuisogeza. Weupe ukipanda, inueni mashine polepole, mkiishusha na kuinua mara mbili tatu mpaka mafuta yote yamekwisha. Onjeni. Ikiwa nzito mno, ongezeni kijiko cha maji yaliyochemshwa na kupoa.

NJIA YA PILI: MAZIWA BADALA YA YAI

Njia hii yajulikana sana katika Hispania na Ureno na Brazili. Haina yai hata kidogo, nayo ndiyo tunayoisifu zaidi kwa nyumba yenye watoto wadogo. Katika maziwa mna vitu vya kujenga mwili ambavyo huweza kupatanisha mafuta na maji, kama kiini kifanyavyo. Kwa uma kazi hii ni ngumu mno. Kwa mashine ni rahisi.

Tayarisheni maziwa mililita 100, yaliyochemshwa na kupoa. Mafuta mililita 200. Nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko 1 kikubwa cha maji ya limau. Na punje moja ya kitunguu saumu kwa wanaoipenda. Maziwa ya unga nayo yafaa, yakichanganywa na maji yaliyochemshwa, tena yawe mazito kidogo kuliko ya kunywa.

Tieni maziwa, chumvi na kitunguu saumu chini ya chombo, na mafuta juu. Shusheni mashine, muiwashe bila kuisogeza, kisha muinue polepole, kama tulivyosema. Mchuzi ukiwa mzito, ndipo mtie limau na kukoroga tena kidogo. Limau huzidisha uzito. Rangi yake ni nyeupe kuliko ya mayai, na ladha yake ni pole. Watoto wengi hawatambui tofauti wakiwa na viazi vya moto mkononi.

IKIKATIKA, NA UMEME UKIKATIKA

Kama mayonezi ya mayai imekatika, yaani mafuta yameachana na mengine, msiitupe. Osheni chombo, mtie kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, washeni mashine, na mmimine mchuzi ule ulioharibika kidogo kidogo sana. Mara nyingi hurudi. Ile ya maziwa ikikataa, wekeni vyote mahali pa baridi kidogo, mwache mafuta yapande tena juu, kisha mwanze upya bila kuinua mashine mapema.

Na kama umeme umekatika katikati ya kazi, jambo ambalo hatuhitaji kuwafundisha, viini vilivyopashwa moto huweza kupigwa kwa uma katika bakuli, mafuta yakiingia tone kwa tone kama zamani. Kazi ni ndefu, lakini mchuzi ni ule ule.

Juu ya mashine yenyewe, neno moja kwa usalama. Kisu chake hakimjui mwenye nyumba. Kabla ya kugusa chini yake, hata kwa kuondoa kipande kidogo kilichonasa, chomoeni waya ukutani. Umeme uliokwenda huweza kurudi mkiwa bado na kidole pale. Msiizamishe sehemu ya juu katika maji, wala msiishike kwa mikono iliyolowa. Mkimaliza, sugueni vizuri ndani ya ile kengele ya kisu kwa maji ya moto na sabuni, maana chakula kilichojificha huko leo ni vijidudu vya kesho.

KUIWEKA NA KUILA

Chupa ya kiwandani ina siki iliyopimwa na dawa za kuhifadhi. Ile ya nyumbani haina. Msizifanyie mamoja. Asiye na friji atengeneze kiasi cha chakula kimoja tu, na kinachobaki kisingojee jioni. Mwenye friji yenye umeme wa kudumu aiweke katika chombo safi chenye kifuniko, na aimalize kwa siku mbili. Lakini friji isiyo na umeme ni kabati tu. Umeme ukikosekana kwa saa nyingi, mtupe bila kuonja. Kuonja hakutambui kijidudu. Na mezani, mayonezi au saladi yake isipite saa mbili nje ya baridi; siku ya joto kali, saa moja yatosha.

Katika arusi na matanga, fanyeni hivi: viazi na karoti vilivyopikwa viwekwe peke yake, na mayonezi peke yake mahali pa baridi, vichanganywe wageni wanapoketi kula, si alfajiri. Kazi ni ile ile. Saa tu imebadilishwa.

Tena kumbukeni hesabu ya Wabelgiji: kijiko kimoja kikubwa cha mayonezi kina karibu gramu 12 za mafuta. Ni kitoweo cha kuongeza ladha, si chakula cha kushibisha. Kijiko kimoja kwa mtu chatosha.

IKIWA MTOTO AMEUGUA

Dalili huweza kuonekana toka saa sita baada ya kula hata siku sita. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari bila kuchelewa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Ampe kidogo kidogo, mara nyingi, na anayenyonya aendelee kunyonya. Pakiti za ORS za kituo cha afya ni bora zaidi, nazo hutolewa pamoja na vidonge vya zinki.

Mkiona damu katika choo, au homa, au mtoto anatapika kila kitu, au hataki kunywa, au macho yamedidimia, au amelegea na kusinzia, msingoje kesho, mpelekeni hospitali. Tena mwambieni daktari mtoto alikula nini. Salmonella iliyoingia katika damu huweza kuleta homa bila kuharisha, ikafanana kabisa na malaria. Dawa ya malaria haiiponyi. Neno moja la mama juu ya chakula cha juzi huweza kumwonyesha daktari njia.

Mama wapendwa, hatukuandika haya ili kuwatia hofu ya kitu kitamu. Mashine ya mkono ni msaidizi mwema. Imeondoa taabu ya mkono. Lakini ile taabu ya kufikiri haikuiondoa, nayo imebaki kwetu. Zile dakika 20 mnazozipata kwa kutumia mashine, toeni 5 kati yake kwa kupasha viini moto au kuchemsha maziwa. Hapo mtakula michopo na viazi vyenu kwa raha, na watoto wataramba vidole bila ninyi kuwa na wasiwasi usiku.

Mpaka juma lijalo.